Radi ya Shieywe na Simu Isiyo na Waya

SIRI ya mtungi aijuaye kata, walisema wahenga. Na siri ya simu ya nyumbani isiyo na waya, ile ikaayo juu ya kitako chake ikimulika kitaa chekundu usiku kucha, aijuaye ni betri iliyofichwa mgongoni mwake. Watu wengi huinunua simu hiyo kwa uzuri wa umbo lake na wingi wa vitufe vyake. Betri hawaitazami hata mara moja, mpaka siku itakapowaumbua: simu inalia, mwenye nyumba anaiinua, anasema "halo" moja tu, na sauti ya upande wa pili inakatika kama uzi uliopitiwa na kisu.

Huenda msomaji akaliona jambo hili kuwa dogo. Lakini simu ya nyumbani haikuwa pambo hata siku moja. Hiyo ndiyo iletayo habari ya mgonjwa, ya arusi na ya msiba. Hiyo ndiyo iliyozoea kulia jioni ya mwezi ishirini na tisa Ramadhani, kila nyumba ikiuliza nyingine kama mwezi umeandama. Simu iliyonyamaza katika saa kama hizo ni mlango uliofungwa, na mgeni yuko nje anabisha.

Leo twataka kuizungumza betri hiyo na mazoea yetu ya kuichaji, na mahali pa kuizungumzia tumepachagua mbali kidogo na bahari: Shieywe, katika mji wa Kakamega. Sababu ya kupachagua Shieywe itaonekana mbele.

WAYA ULIOHAMA

Kwanza tulitazame neno lenyewe. Simu ni neno tulilolipata kutoka Kiajemi, ambako sim ni fedha, na pia ni uzi wa madini. Waya wa telegrafu wa chini ya bahari ulipofika Unguja mwaka 1879, na baadaye nguzo za waya zilipoandamana na reli kutoka Mombasa hadi Kisumu, ilikofika mwaka 1901, watu wetu waliutazama uzi ule wakauita kwa jina lake. Kwa hiyo mtu asemaye "simu isiyo na waya", kwa asili ya maneno, asema waya usio na waya!

Kichekesho hicho kina ukweli ndani yake. Waya wa simu ya zamani ulibeba vitu viwili kwa pamoja. Ulibeba sauti, na ulibeba nguvu ya stima ya kuiendeshea simu. Nguvu hiyo, yapata volti 48, ilitoka katika mabetri makubwa yaliyopangwa safu safu ndani ya jengo la mitambo ya simu mjini. Mwenye simu hakuyaona mabetri hayo wala hakuyafikiria. Palikuwa na fundi aliyeajiriwa kuyatazama, kuyapima na kuyaongeza maji, na stima ya mji ilipokatika mabetri yale yaliendelea na kazi. Ndiyo maana nyumba iliweza kuwa gizani, kandili imewashwa mezani, na simu ikalia vilevile.

Mmarekani mmoja aitwaye George Sweigert, wa jimbo la Ohio, alipewa hataza ya simu isiyo na waya mwaka 1969, na katika miaka ya 1980 simu za namna hiyo zikaenea madukani. Tangu hapo mtu aliweza kuondoka barazani na mkono wa simu, akaenda nao jikoni, akageuza chapati zake huku akizungumza. Starehe ilioje! Lakini ule waya mfupi ulipoondolewa kati ya mkono na kitako, nguvu ya stima nayo ilikosa njia ya kupita. Ikabidi mkono wa simu ubebe chakula chake wenyewe, yaani betri. Kazi iliyokuwa ya fundi wa mitambo mjini ikahamia nyumbani kwako, msomaji, bila ya mtu kukwambia kwamba umeajiriwa.

Hilo ndilo neno letu la leo. Betri ya simu isiyo na waya ina mtunzaji mmoja tu, naye ni mwenye nyumba. Asipoijua kazi yake, simu itakufa, na itakufa siku ile hasa inapohitajika.

SHIEYWE YENYEWE

Wengine huandika Sheywe, na ndivyo iandikwavyo katika jina la wadi iliyomo katika eneo la bunge la Lurambi. Kakamega palikuwa makao makuu ya Mkoa wa Magharibi kwa miaka mingi, na tangu mwaka 2013 ni makao ya Kaunti ya Kakamega. Wazee wanaukumbuka mji huo kwa dhahabu iliyogunduliwa mwaka 1931, ikawakusanya wachimbaji wa kila namna, na kwa mgodi wa Rosterman uliofungwa mwaka 1952.

Msomaji wa Mombasa, wa Lamu au wa Malindi asidhani kuwa huko ni ugenini mtupu. Misafara ya wafanyabiashara wa Pwani ilifika Mumias, si mbali na hapo, katika karne ya kumi na tisa, na Uislamu ukatia mizizi miongoni mwa Wawanga. Mpaka leo Mumias ni mji wa misikiti na madrasa. Kakamega nayo ina Waislamu wake, na ina Chuo Kikuu cha Masinde Muliro kilichopata hadhi hiyo mwaka 2007, ambacho watoto wa Pwani pia huenda kusoma. Simu ikiinuliwa kule utasikia "mulembe", huku utasikia "salaam alaykum", na pande zote mbili ni kutakiana amani.

Jambo la kutofautisha ni hali ya hewa. Kakamega iko juu ya mlima kwa kadiri ya mita 1,500 kutoka usawa wa bahari, ubavuni mwa msitu mkubwa. Mvua yake kwa mwaka hukaribia milimita 2,000, nayo haiji kimya kimya. Asubuhi jua huwaka. Ikifika alasiri mawingu hujikusanya, hunguruma, na mara radi hupiga. Nchi zilizozunguka Ziwa Victoria zahesabiwa miongoni mwa sehemu za dunia zenye radi nyingi mno, na Kakamega ni mojawapo ya mahali panapojulikana sana nchini Kenya kwa radi ziuazo watu na mifugo. Neno radi tumelitoa katika Kiarabu, na kila aliyesoma chuoni ajua kuwa sura ya kumi na tatu ya Kurani inaitwa kwa jina hilo. Lakini mtu wa Pwani hulisoma neno zaidi ya kuliona. Mtu wa Shieywe hukaa nalo karibu kila alasiri ya msimu wa mvua.

SIMU MBILI SIKU YA RADI

Sasa tuzitie simu mbili katika nyumba moja ya Shieywe, ya waya na isiyo na waya, tutazame alasiri ya radi inavyozitendea.

Mawingu yakianza kunguruma, mwenye nyumba mwangalifu huchomoa televisheni, redio na kila kilichochomekwa. Afanya vyema, kwani radi ikipiga karibu na nguzo hupita ndani ya nyaya na kuunguza vyombo. Na kuchomoa kwataka kufanywe mapema, dhoruba ikiwa bado iko mbali, wala si wakati radi zapiga juu ya paa.

Simu ya waya huendelea kuishi, kwa kuwa chakula chake chatoka mjini. Ila ina hatari yake: nguvu ya radi yaweza kuufuata waya ule ule wa simu mpaka sikioni. Kwa hiyo haifai kuzungumza kwa simu ya waya wakati radi zikipiga.

Simu isiyo na waya ni kinyume chake. Mkono wake ukiwa mkononi mwako haukufungwa na waya wowote, na hatari ya kupigwa kwa njia ya waya haipo. Lakini kitako chake kimechomekwa kwenye stima. Kikichomolewa, au stima ya mji ikikatika kama ilivyo desturi yake mvua inaponyesha, kitako hufa papo hapo. Mkono utabaki na betri iliyojaa, utamulika namba zake vizuri sana, lakini hautaongea na mtu, kwa kuwa kitako ndicho kilichokuwa kikiupokelea sauti. Wengi hawalijui hili. Hudhani betri ikijaa simu iko tayari. Kumbe betri ni nusu ya habari. Nusu ya pili ni kitako, na vitako vingi havina betri yao wenyewe.

Kutokana na hayo lapatikana onyo la kwanza: nyumba yenye laini ya simu ya waya isiitupe simu ile nzee ya waya. Iwekwe kabatini, na radi zikishatulia na stima haijarudi, ichomekwe ukutani. Na nyumba iliyotiwa waya wa kisasa wa kioo ambao simu yake hupita katika kisanduku cha intaneti, ijue kuwa kisanduku hicho nacho chategemea stima ya nyumbani. Stima ikikatika, simu hiyo hukatika pamoja nayo, hata ikiwa ina waya mrefu kama wa mnara.

BETRI TATU, DESTURI TATU

Twende sasa kwenye betri yenyewe. Hapa ndipo penye mazoea mengi, na mengi ya mazoea hayo ni urithi uliopitwa na wakati.

Simu za kwanza zisizo na waya zilitumia betri za nikeli na kadimiamu, ambazo ubavuni huandikwa Ni-Cd. Asili yake ni kazi ya Msweden Waldemar Jungner, mwaka 1899. Ni betri ngumu, yenye kustahimili taabu, na ikitunzwa yaweza kujazwa mara mamia mengi. Lakini ina tabia moja ya ajabu. Ukiitumia kidogo tu kila siku kisha ukaijaza, ukarudia hivyo hivyo kwa muda mrefu, huzoea kile kidogo. Wataalamu waliiona tabia hiyo katika vyombo vya angani vinavyoizunguka dunia, ambavyo betri zake zilikuwa zikitumika kiasi kilekile kila mzunguko. Ni kama mtumishi aliyezoea kufanya kazi ya saa moja: siku utakapomtaka afanye ya saa tano, huketi chini akasema amechoka. Kwa sababu hiyo fundi wa zamani alikwambia, "Iache iishe kabisa kwanza, ndipo uichaji." Kwa betri ile, na kwa kufanya mara moja moja, alisema kweli.

Mwishoni mwa miaka ya 1980 ikaingia sokoni betri ya nikeli ya namna nyingine, iandikwayo Ni-MH. Hii yabeba nguvu nyingi zaidi katika umbo lilelile, na haina kadimiamu, madini yenye sumu. Umoja wa Ulaya ulipotunga sheria ya betri mwaka 2006, ulizikataza betri ndogo za kadimiamu isipokuwa kwa kazi chache, na simu nyingi za nyumbani zikahamia Ni-MH. Aghalabu utakuta betri mbili ndogo zilizounganishwa, jumla volti 2.4, au tatu zenye jumla ya volti 3.6. Zoea la kuishia kiasi kilekile ni dogo sana kwake. Adui wake ni joto na kushibishwa kupita kiasi. Tena ina ila ya kuvuja nguvu ikiwa imekaa bure: ukiiweka kabatini mwezi mzima yaweza kupoteza robo ya nguvu zake au zaidi, japokuwa tangu mwaka 2005 zimetoka aina zinazovuja polepole.

Ya tatu ni betri ya lithiamu, iandikwayo Li-ion, ambayo kampuni ya Sony iliitia sokoni mwaka 1991. Mabingwa watatu walioiwekea msingi, John Goodenough, Stanley Whittingham na Akira Yoshino, walipewa Tuzo ya Nobel ya kemia mwaka 2019. Hii ndiyo iliyomo katika karibu simu zote za mkononi, na katika baadhi ya simu mpya za nyumbani. Haina zoea lile hata kidogo. Nayo haipendi kumalizwa. Kila ukiiacha iishe kabisa waipunguzia umri, na ikikaa tupu kwa muda mrefu yaweza isiamke tena. Hupenda kukaa katikati, baina ya sehemu ishirini na themanini katika mia.

Tazama basi yaliyotokea. Neno la fundi wa zamani, "iache iishe kabisa", liliachwa na baba kwa mwana, na mwana akalichukua kutoka betri ya kadimiamu akalipeleka kwenye betri ya lithiamu. Dawa ya mgonjwa wa kwanza ikawa sumu ya mgonjwa wa tatu. Wako watu wengi, Shieywe na Mombasa kadhalika, ambao hadi leo huiua simu ya mkononi kila siku mpaka izime, wakiamini kuwa ndio uangalizi. Si uangalizi. Ni kuishi na desturi ya nyumba iliyokwisha kuhamwa.

Kwa hiyo kabla ya kuuliza "niichaji vipi?", fungua kifuniko cha nyuma usome maandishi matatu yale. Maandishi hayo ndiyo kabila la betri, na kila kabila lina ada zake.

JOTO NA KITAMBAA CHA KUFUMA

Adui mmoja anazipata betri zote tatu, naye ni joto. Kanuni inayojulikana na mafundi ni kwamba joto likizidi kwa nyuzi kumi, umri wa betri hukaribia kupungua kwa nusu. Hapa mtu wa Shieywe ametangulia. Wastani wa joto la Kakamega ni kama nyuzi 20 hivi. Wa Mombasa ni 26 au 27, na wakati wa kaskazi chumba kisicho na upepo hupita 30 kwa wepesi. Betri mbili zilizonunuliwa siku moja katika duka moja, ya Pwani itaanza kuchoka kwanza, bila ya kosa la mtu. Ya Pwani ina adui mwingine tena, chumvi ya hewa, ambayo hutia kutu vile vipande vidogo vya chuma ambavyo mkono na kitako hugusana. Vikishika kutu, mkono hukaa juu ya kitako usiku kucha na asubuhi ukawa na njaa vilevile. Dawa yake ni nyepesi: kitambaa kikavu, au pamba yenye spiriti kidogo, mara moja kwa mwezi, kitako kikiwa kimechomolewa.

Lakini joto jingine twalileta kwa mikono yetu. Katika siku za Shirika la Posta na Simu la Kenya, lililoundwa mwaka 1977 na kugawanywa mwaka 1999, watu walingoja miaka kupata laini ya simu. Simu ikaheshimiwa kama mgeni. Ilitiwa kufuli isipigwe ovyo, na ikafunikwa kitambaa cha kufuma, cheupe, chenye maua ukingoni. Ustadi huo wa kufuma waupenda Shieywe, ambako vitambaa hufunika viti na meza, na waupenda Pwani vilevile. Simu ya waya haikudhurika kwa kitambaa, kwani haina joto. Kitako cha simu isiyo na waya kina joto, na ukikishika utalisikia. Kukifunika ni kumvika mtu blanketi naye ana homa. Kitambaa kitandikwe chini, juu pabaki wazi, na meza iwe mbali na dirisha liingialo jua la alasiri, na mbali na televisheni na jokofu.

Joto la pili la kujitakia ni kuuacha mkono juu ya kitako usiku na mchana. Vitako vya zamani havijui kusema "imetosha". Huendelea kumimina stima kidogo kidogo katika betri iliyokwisha kujaa, na stima isiyopata pa kuingia hugeuka joto. Vitako vya kisasa hupunguza, lakini si vyote vinavyopunguza vya kutosha. Watu husema betri yao imekufa kwa kazi nyingi. Mara nyingi imekufa kwa shibe. Kwa betri za nikeli, inafaa mkono ukae nje ya kitako mchana, utumike, na urudishwe jioni au inapolia kilio chake cha njaa. Na mara moja kwa mwezi, ikiwa ni Ni-Cd, iachwe iishe ndipo ijazwe.

Wako pia wanaozima swichi ya ukutani kila usiku ili kuokoa stima, hasa tangu zilipokuja mita za kununua stima kabla ya kuitumia. Nia yao ni njema, bali hesabu yao haikutimia. Kitako kinachokula wati tatu, kikiwaka mwezi mzima bila ya kuzimwa, hutumia yuniti mbili na ziada kidogo. Kwa yuniti hizo mbili mtu ameizima simu ya nyumba katika saa ambazo habari nzito hupenda kuja, yaani baina ya usiku wa manane na alfajiri. Azime taa ya barazani, aiache simu.

KUZALIWA UPYA NA KUZIKWA

Betri ya nikeli ikitunzwa hujazwa kiasi cha mara 500, na nyumbani hiyo ni miaka miwili au mitatu. Baada ya hapo usiilaumu, wala usitupe simu nzima. Wengi hununua simu mpya na kumbe kilichokufa ni betri tu. Mpya iwe ya maandishi yaleyale, Ni-Cd kwa Ni-Cd na Ni-MH kwa Ni-MH, isipokuwa kama kijitabu cha simu kimeruhusu. Volti zilingane. Ikiwa ni mbili au tatu, zibadilishwe zote pamoja, kwani betri kongwe huivuta mpya chini. Na kabla ya matumizi ya kwanza ijazwe saa 14 hadi 16 bila ya haraka.

Kuna kosa moja ambalo ni la hatari. Kwa kuwa betri hizo nyingine hufanana kwa umbo na betri ndogo za kawaida za tochi, mtu huona werevu kutia za tochi. Betri za tochi hazikuumbwa kujazwa. Zikikalishwa juu ya kitako hupata joto, huvuja maji yachomayo, na zaweza kupasuka mkononi mwa mtoto.

Kisha lipo swali la maiti. Betri iliyokufa twaitupa wapi? Shieywe huenda shimo la takataka nyuma ya nyumba, kati ya migomba, na mvua ya milimita 2,000 huiosha ikapeleka yaliyomo kisimani na mtoni. Pwani huchomwa pamoja na maganda ya madafu. Watu wa Mombasa hawahitaji kuhubiriwa jambo hili kutoka mbali. Kiwanda cha kuyeyusha risasi kutoka mabetri ya magari kilifanya kazi karibu na kijiji cha Owino Uhuru, na risasi ikaingia katika damu ya watoto. Phyllis Omido aliyeongoza mapambano ya kukifunga alipewa Tuzo ya Mazingira ya Goldman mwaka 2015, na mwaka 2020 mahakama ya Mombasa iliamuru wakazi walipwe fidia ya shilingi bilioni 1.3. Betri ya simu ni punje mbele ya betri ya gari. Lakini kadimiamu ni sumu kama risasi, na punje kwa punje ndipo gunia linapojaa. Betri kongwe ikusanywe katika kopo kavu lisilofikiwa na watoto, ncha zake zikizibwa kwa utepe, na ipelekwe kwa wanaokusanya taka za umeme. Isichomwe kamwe, na isizikwe karibu na maji.

SIMU ILIYOBAKI

Ni kweli kwamba simu za mezani zimepungua sana. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 Kenya ilikuwa na laini laki tatu na ziada, kisha zikaja simu za mkononi, na wezi wa nyaya za shaba wakaimaliza kazi iliyobaki. Telkom Kenya, ambayo France Telecom ilinunua asilimia 51 ya hisa zake mwishoni mwa mwaka 2007, ilijaribu kwa muda simu za mezani zisizo na waya za mtambo wa CDMA, zenye betri ndani. Simu hizo zilikuwa na faida kubwa kwa mji wa radi kama Kakamega: stima ilipokatika, zilidumu kwa saa kadhaa kwa betri yao. Lakini na hizo wakati wake umepita.

Bali jambo lenyewe halikupita, limekua. Leo nyumba nzima ya Shieywe yaweza kutegemea simu za mkononi peke yake, na kila moja ni betri inayotembea. Alasiri radi zikianza, kila chaja huchomolewa. Stima hukatika. Ikifika saa tatu za usiku, simu iliyokuwa na sehemu kumi katika mia imezima, na mtoto ameanza kuchemka homa. Hapo hakuna wa kulaumiwa mbinguni wala mitamboni. Simu ilitakiwa kujazwa asubuhi, jua likiwaka na mawingu yakiwa bado ziwani. Mtu wa Shieywe ajuaye mvua yake huanika nguo asubuhi, huanika mahindi asubuhi, naye angefaa kuchaji simu asubuhi pia. Kwetu Pwani, ambako twaichaji usiku chini ya mto wa kulalia, tumetafuta joto juu ya joto. Simu ichajiwe ikiwa wazi, mezani, mbali na kitanda.

Zamani betri zetu zilikuwa na fundi wake mjini, nasi tukilala. Fundi yule ameondoka. Kazi yake imegawanywa nyumba kwa nyumba, akaachiwa mama jikoni, mwanafunzi bwenini na mzee barazani, wala haina mshahara. Malipo yake ni kwamba ndugu yako wa Shieywe akikuita usiku wa mvua, utaisikia sauti yake mpaka mwisho wa maneno yake. Akiba haiozi, na stima iliyowekwa kwa kiasi katika betri iliyotunzwa ni akiba kama nyingine yoyote.